Siku Nilipomzomea wa Kwetu

Nilimzomea Trea Turner nikiwa peke yangu jikoni, mwiko mkononi. Ilikuwa Julai 2023, ugali uko motoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, jamaa akazungusha gongo lake (la kupigia, si lile la kunywa), akakosa mpira mara ya tatu, akarudi benchi anaangalia chini. "Toka huko, garasa wewe!" Mke wangu akachungulia kutoka sebuleni akauliza nagombana na nani. Nikamwambia nasonga ugali.

Miaka miwili nilikuwa nimekaa Philadelphia nikiipenda timu yao ya besiboli, Phillies, kwa mapenzi yale ya mgeni: kofia nimenunua, majina ya wachezaji nayajua, wakishinda nafurahi, wakifungwa nalala vizuri tu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekasirishwa na mtu wa kwetu, na ndipo nilipogundua kwamba nimeshaanza kusema "wa kwetu".

Kwa ambao hamjawahi kuufuatilia mchezo huu, naomba dakika moja. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuugonga kwa gongo na kukimbilia beisi. Huo ndio msingi, mengine mtayaokota njiani. La kuzingatia ni kwamba hakuna mchezo unaomzoesha mtu kushindwa kama huu. Mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 ni nyota, atakufa tajiri. Anayefanikiwa mara 23 au 24 kati ya 100 anaanza kutazamwa vibaya. Yaani kati ya kipenzi cha mji na garasa kuna mipira sita au saba katika kila mia. Turner siku zile alikuwa na wastani wa 235 (hivyo ndivyo wanavyouandika, kwa maelfu), na Desemba iliyotangulia alikuwa amesaini mkataba wa miaka 11 kwa dola milioni 300.

Tena wanacheza mechi 162 kwa msimu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Hapo ndipo besiboli inapoachana na mpira wetu wa miguu. Beki wa Yanga akiniudhi Jumamosi, nina wiki nzima ya kupoa. Mchezaji wa Phillies akiniudhi Jumanne, Jumatano namkuta yuleyule, na Alhamisi, na Ijumaa. Anakuwa kama mpangaji wa chumba cha pili kwenye nyumba ya kupanga. Humchukii kwa jambo kubwa. Unamchukia kwa namna anavyoburuza ndala alfajiri, anavyoacha ndoo mlangoni, na kwa sababu kesho atakuwepo tena.

Kumpenda mchezaji kulikuja mapema na bila jasho. Wa kwangu alikuwa Ranger Suárez, Mvenezuela, mrushaji wa mkono wa kushoto, ambaye klabu ilimsajili akiwa na miaka 16 kwa dola 25,000, pesa ambayo kwenye ligi ile ni ya vocha. Suárez hana haraka. Anatembea kuelekea kilima cha kurushia kama mtu aliyetumwa chumvi dukani. Oktoba 23, 2022, mechi ya tano ya fainali ya ligi yao dhidi ya San Diego, Bryce Harper alipiga mpira ukavuka uzio (homurani, wenyewe wanasema) Phillies wakaongoza 4-3, mji ukapagawa. Halafu awamu ya tisa, ya mwisho, mrushaji aliyekuwepo akaanza kutetereka, watu wawili kwenye beisi, ndipo akaitwa Suárez, ambaye kazi yake ya kawaida ni kuanza mechi, si kuzifunga. Akaja kwa mwendo wake uleule wa dukani, akawatoa wawili waliobaki, wakaenda fainali kuu. Kila mtu alikuwa anamlilia Harper. Mimi nikamchukua Suárez.

Kazini, kwenye ghala la mizigo ninakopiga zamu ya usiku, niligundua kwamba kila mtu ana wawili wake: mmoja wa kumtetea na mmoja wa kumsulubu. Dada mmoja wa Puerto Rico alikuwa na lake na Nick Castellanos. Mkataba wa milioni 100 kwa miaka mitano, na bado anazungusha gongo kufukuzia mipira ya nje kabisa, inayopita hukoo. Oktoba 2023 Castellanos akapiga homurani mbili kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Atlanta, kesho yake akapiga mbili tena, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwenye mechi za mtoano mfululizo. Dada akaja kazini amevaa jezi yake. Raundi iliyofuata, dhidi ya Arizona, Castellanos alipata mpira mmoja tu katika majaribio 24. Jezi sikuiona tena.

Nimelelewa Temeke, kwenye nyumba ya Yanga, kwa hiyo kumchukia mchezaji wa timu yangu mwenyewe si jambo nililofundishwa Marekani. Ila nimeona tofauti moja ambayo bado inanichekesha. Kwetu, kipa wa timu yako akitema mpira kwenye mechi ya Simba, swali la kwanza kibandani ni "kapewa ngapi?" Hatuamini kwamba mtu anaweza kukosea tu. Lazima kauza. Marehemu baba alikuwa na orodha yake kichwani ya wachezaji "waliouza", ukimsikiliza mpaka mwisho unaelewa kwamba Yanga haijawahi kufungwa kihalali tangu 1935.

Philadelphia hakuna anayeuliza mchezaji kapewa ngapi na wapinzani. Wanauliza sisi tunampa ngapi. Mishahara iko wazi, mtoto wa darasa la nne anaijua. Ryan Howard ndiye mfano wanaoupenda kuutoa. Mwaka 2006 alipiga homurani 58, akawa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2008 wakabeba ubingwa pamoja naye. Aprili 2010 klabu ikamwongezea mkataba wa milioni 125 kwa miaka mitano, na mkataba huo ulikuwa uanze 2012. Oktoba 7, 2011, mechi ya mwisho ya mtoano dhidi ya St. Louis, wamefungwa 1-0, Howard ndiye mpigaji wa mwisho. Akagonga mpira ukaenda kwa walinzi, akaanza kukimbia, mshipa wa kisigino ukakatika, akaanguka palepale njiani. Akatolewa uwanjani hawezi kutembea, na pesa mpya hazijaanza hata kulipwa. Miaka mitano iliyofuata watu walikuwa wanaangalia mguu ule na kupiga hesabu. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka nahisi na mimi nilichangia.

Sasa tofauti hiyo ina maana yake. Ukiamini mchezaji kauza, ni msaliti, na msaliti unamfukuza, unatafuta mwingine, basi. Lakini huyu wa Philadelphia hajauza chochote. Unamwona anavyojaribu. Unamwona anabaki kufanya mazoezi wenzake wakiwa wameshaondoka. Hasira yako inakosa pa kutua, kwa hiyo inamtua yeye, kila siku, mara 162.

Alec Bohm alikuwa na miaka 25 alipoonja. Aprili 2022, dhidi ya Mets ya New York, alifanya makosa matatu ya urushaji kwenye awamu tatu za mwanzo. Baadaye akadaka mpira mwepesi, akaurusha sawasawa, uwanja mzima ukamshangilia kwa kejeli, shangwe ile ya kumpigia makofi mtoto aliyefaulu kufunga kamba za viatu. Kamera zikamnasa anamwambia mwenzake, kwa tusi, kwamba anapachukia mahali hapa. Baada ya mechi angeweza kusema midomo yake imesomwa vibaya. Akakiri kwamba amesema, kwamba alikuwa na hasira, akaomba radhi. Alipotokea tena uwanjani, watu walewale walisimama kumpigia makofi. Nilidhani wananidhihaki mimi mgeni. Mwenzangu wa kazini akanieleza kama vile ni jambo la wazi: "Kwani sisi hatupachukii?"

Turudi kwa Turner. Agosti 2, 2023, kule Miami, alikosea mpira kwenye muda wa nyongeza, wakafungwa. Redio ya michezo ilikuwa na kampeni: Ijumaa, akirudi nyumbani, tusimzomee. Tumsimamie, tumpigie makofi. Nilipoisikia nikaona ni ulokole wa mpira. Mtu analipwa milioni 300 halafu tumbembeleze?

Ijumaa hiyo, Agosti 4, nilikuwepo uwanjani. Tikiti zilikuwa za Mzee. Namwita Mzee kwa sababu hakuna jina lingine linalomfaa, mtu mweusi wa North Philadelphia anayekaribia miaka 70, aliyekuwa akifanya kazi nami zamu ya usiku na redio ndogo masikioni. Mwanzoni aliniita Africa. Nilipomwambia Afrika ni kubwa akaanza kuniita Tanzania, ambayo nayo ni kubwa, lakini nikaona tumesogea. Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, pale ambapo wachezaji ni kama punje za mchele na ndege zinaonekana karibu kuliko wao.

Turner alipotoka kwenda kupiga mara ya kwanza, uwanja ukainuka. Nilitarajia makofi ya wastani. Ilikuwa kelele nzito, ya watu zaidi ya elfu arobaini, ikiendelea hata baada ya yeye kusimama tayari kupiga. Mzee ana magoti mabovu, mara nyingi hasimami hata kwa wimbo wa taifa mpaka unapokaribia kwisha. Siku hiyo alisimama kabla yangu. Mimi nilisimama kwa sababu nilikuwa sioni. Makofi sikupiga. Nilikuwa nimekumbatia boksi la viazi, na kusema kweli hata mikono ingekuwa mitupu nisingepiga.

Timu ilifungwa siku hiyo, 7-5, na Kansas City, mojawapo ya timu mbovu kabisa za msimu. Nilimwambia Mzee tukitoka kwamba huruma haijafunga goli. "Hakuna magoli kwenye mchezo huu, Tanzania," akasema.

Ndani ya treni ya Broad Street, tukielekea kaskazini, nilimuuliza tangu lini yeye amekuwa mtu wa kusimama. Badala ya kunijibu akaanza habari za Dick Allen.

Nilikuwa nimeliona jina hilo uwanjani, na namba 15, nikadhani ni nyota mwingine wa zamani aliyependwa na kila mtu. Allen alikuwa nyota mweusi wa kwanza mkubwa wa klabu ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye ligi yao, National League, kumchezesha mweusi, mwaka 1957. Mwaka 1963 walimpeleka timu yao ndogo huko Little Rock, Arkansas, akawa mweusi wa kwanza kuichezea, akipokelewa na mabango ya matusi. Mwaka 1964, msimu wake wa kwanza mzima kwenye timu kubwa, akawekwa kulinda beisi ya tatu, nafasi ambayo hakuizoea. Akafanya makosa 41. Na bado akapiga wastani wa 318 na homurani 29, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka huohuo timu ilikuwa inaongoza kwa michezo sita na nusu zikiwa zimebaki mechi 12, ikapoteza 10 mfululizo, ikakosa kila kitu. Mji ulihitaji wa kumlaumu.

Julai 1965 alipigana na mwenzake mzungu, Frank Thomas, mkongwe, ambaye alimpiga kwa gongo begani. Klabu ikamwondoa Thomas palepale na kumkataza Allen kueleza kilichotokea. Kwa hiyo mashabiki wakasikia upande mmoja tu wa habari: kijana mweusi kasababisha mzee wa watu kufukuzwa. Kuanzia hapo ilikuwa kuzomea, na baada ya kuzomea, kurusha vitu. Wachezaji hawavai helmeti wakiwa wanalinda, wanavaa wakipiga. Allen akaanza kuvaa helmeti hata akiwa analinda, kwenye uwanja wa nyumbani, kujikinga na mashabiki wake. Mwaka 1969, akiwa beisi ya kwanza, alikuwa anaandika maneno kwenye vumbi kwa kiatu, herufi kubwa, zisomeke kutoka jukwaani. Moja lilikuwa lile lile neno la kuzomea walilokuwa wakimrushia. Aliwaandikia, wasome.

"Ulikuwepo?" nikamuuliza Mzee.

Alikuwepo. Uwanja wa zamani, Connie Mack, ulikuwa kona ya mtaa wa 21 na Lehigh, si mbali na kwao. Akiwa mtoto alikuwa akienda na mjomba wake. Nilisubiri aniambie jinsi walivyokuwa wakimtetea Allen, weusi wenzake, kule juu kwenye viti vya bei nafuu. Akaniambia naye alimzomea.

"Nilikuwa na miaka kumi na kitu. Kila mtu alikuwa anazomea. Ilikuwa inafurahisha." Mjomba wake hakumchapa wala hakumkaripia. Wakamaliza kutazama mechi. Ila mechi iliyofuata mjomba alikwenda peke yake, na iliyofuata hiyo pia.

Akashuka kituo cha North Philadelphia, ambapo ukitembea mitaa michache kwenda magharibi unafika pale ulipokuwa uwanja. Sasa kuna kanisa. Mimi nikaendelea hadi Olney.

Kuhusu Turner, mnaweza kuangalia wenyewe takwimu. Kesho yake alipiga homurani. Tangu usiku ule hadi mwisho wa msimu akapiga kwa wastani wa 337, homurani 16. Akanunua nafasi kwenye mabango ya barabarani kuwashukuru mashabiki. Wapo wanaosema makofi ndiyo yaliyomponya, na wapo, mimi nikiwemo, wanaosema mtu aliyepiga vizuri miaka yote hiyo angerudi tu, makofi au matusi. Ubishi huu nimeufanya na watu wengi na sijashinda hata mara moja, kwa sababu wao wana hadithi na mimi nina hesabu.

Ninachokumbuka zaidi ni jinsi nilivyoona haya kila alipopiga vizuri. Agosti nzima nilikuwa nafurahi kwa siri, kama mtu aliyemsema vibaya wifi yake kisha wifi akaja na zawadi. Mike Schmidt, mchezaji bora kabisa katika historia ya klabu hii, homurani 548 zote kwa jezi moja, alizomewa na mji huu huu miaka nenda rudi. Mwaka 1985 aliwasema mashabiki vibaya gazetini, kisha akatoka uwanjani kwao amevaa wigi la nywele ndefu na miwani myeusi, kana kwamba anajificha. Wakacheka, wakamshangilia. Leo ana sanamu nje ya uwanja. Kuna namna ambayo mji huu unamkubali mtu baada tu ya kumtoa machozi. Siioni kuwa sifa nzuri sana, ila naielewa. Mama mkwe wangu yuko hivyohivyo.

Allen hakupewa wigi. Alihamishwa Oktoba 1969 kwenda St. Louis, kwenye mabadilishano yaliyomhusisha Curt Flood, naye Flood akakataa kuja Philadelphia, akaipeleka ligi mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kudai mchezaji asiuzwe kama mali. Alishindwa kesi mwaka 1972, lakini mlango ulikuwa umeshaanza kutikisika. Allen alirudi Phillies mwaka 1975, wakamshangilia. Namba yake ilistaafishwa Septemba 2020. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Kuingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa magwiji wa besiboli, kule Cooperstown, alikosa kwa kura moja, mara mbili, hatimaye akachaguliwa Desemba 2024, miaka minne akiwa kaburini. Nilimpigia Mzee, ambaye alikuwa ameshastaafu. Alikuwa amesikia. Akaniuliza kama nimemaliza kulipia gari.

Oktoba 9, 2025, usiku kwa saa za Philadelphia, Phillies wako Los Angeles, mechi ya nne ya mtoano, wakifungwa ndiyo kwaheri. Sare 1-1, awamu ya 11, Dodgers wamejaza beisi zote, wawili wameshatolewa. Mrushaji ni Orion Kerkering, miaka 24. Mpigaji akagonga mpira hafifu, ukamrudia Kerkering mwenyewe. Alikuwa na muda wa kuurusha beisi ya kwanza, wangetoka salama. Ukamponyoka mguuni, akauokota, akili ikamwambia nyumbani (beisi ya mwisho, mpinzani akiifikia anapata pointi), akarusha nyumbani, ukampita mdakaji J.T. Realmuto. Msimu ukaisha. Akainama, mikono magotini, wenzake wakamzunguka.

Mdogo wangu yuko Mbagala. Hajui besiboli, ila huwa namtumia vipande vya video na yeye ananitumia vya Yanga. Kule ilikuwa alfajiri. Nikamtumia kile kipande. Dakika mbili hazikupita.

"Kaka, huyo kauza."

Nikaandika hapana. Nikaanza kumweleza, nikafuta. Nikatafuta mshahara wake, nikakuta analipwa karibu na kima cha chini cha ligi. Hakuuza, wala hatujamlipa kupita kiasi. Nikakaa na simu mkononi nikitafuta pa kumshika.

"Sasa kama hajauza," mdogo wangu akaandika, "kwa nini karusha kule?"